Utepe

Utepe wangu una rangi tatu,
mwembamba kama utambi wa taa.
Naukunja kwenye pindo la leso, pamoja na ufunguo,
na asubuhi, jua halijapata ukali,
naanza na nyumba za nyuma, Ziwa la Ng'ombe,
huko maji yanakouzwa kwa mkokoteni.

"Hodi. Ni mimi, Bi wa Mikono."
Ndilo jina walilonipa,
kwa kuwa sishiki kingine:
mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko,
navuta kidogo, nisikaze,
nasoma kwenye kidirisha.
Kijani, nacheka na mtoto.
Njano, naketi chini.
Nyekundu, sisemi neno, natafuta tuktuk
tumuwahi Nesi Nyevu kabla foleni haijazunguka ukuta.

Kwa Umazi nilisema sana.
Mapacha wake, njano wote wawili,
na yeye juu ya mbuzi akikuna nazi za watu,
tui liende kwa mwenye mkahawa,
chicha abaki nayo yeye.
"Hawa wala nini?"
"Chai. Na mkate wa jana, dukani hushushwa bei."
Nikahubiri kama niliyepanda mimbari:
dagaa uwatwange, kijiko kimoja utie kwenye uji;
kunde usizidharau; mchunga,
uchungu wake ndio dawa yake;
yai, hata likiwa moja, likate kwa uzi
kila mtoto apate kiini;
tumbo kujaa si mwili kushiba.
Umazi alisikiliza. Mkono wake haukusimama.
"Hayo yote nayajua, Bi. Nina shilingi sitini."

Sikuwa na jibu la sitini.
Niliandika njano, njano, nikaaga.

Mji huu wajua kupika, nani abishe?
Pita Bondeni Ijumaa, pilau itakushika kola.
Kongowea mchicha hushuka alfajiri kwa magunia
na jioni hufagiliwa umenyauka.
Lakini Jumanne, kliniki, benchi ni moja:
mtoto mwepesi kama ungo
ameegemezwa kwa mzee mnene wa sukari
ambaye kidonda cha mguu kimekataa kufunga.
Waulize wamekula nini.
Wote wawili: chai.

Jana mvua ilinirudisha mapema.
Mjukuu wangu Swabri alikuwa mlangoni,
fulana ya kakake ikimteleza begani,
biskuti mkononi, ile ile ninayomwachia
na chupa ya chai kila siku
nikienda kupima watoto wa watu.
Sijui nini kilinituma. Nikafungua pindo la leso.
Nikavuta kidogo, nisikaze.
Nikafuta kidirisha kwa kidole, labda ni maji ya mvua.
Nikapima na mkono wa kulia, ambao haupimwi.

Njano.

Nikaketi chini, kama ilivyo ada,
ila hapakuwa na wa kuhubiriwa.
Daftari langu halikuwa na mstari wa nyumba yangu.
Niliuchora kwa kalamu, ukaenda upande.

Kisha nikamshika Swabri mkono, tukakanyaga matope
hadi kwa Umazi. Nikamtajia rangi.
Hakucheka. Alisogea, nikapata nusu ya mkeka.
Jikoni palikuwa na sufuria, imefunikwa sahani:
mchunga kwa tui, dagaa wakichungulia.
"Leo mwenye mkahawa nimempunja kikombe," akasema,
"akigundua, nazi ilikuwa koroma."

Watoto watatu, sinia moja.
Swabri alikunja uso, akatema.
Akawatazama mapacha wanavyomaliza.
Akarudisha mkono.

"Kesho kwangu," nikamwambia Umazi.
"Nina shilingi arobaini na yai moja."
Akapangusa sinia kwa kipande cha ugali, akakila.
"Na uzi?"
Nikavuta mmoja kwenye pindo la leso.
"Uzi ninao."