Ramani ya Kisogoni

Popo alianguka Vitongoji, kwenye nyaya,
umeme ukaondoka naye.
Shaame akamleta maabara ndani ya ndoo ya rangi,
amemfunika kwa kanga ya mkewe
kana kwamba maiti anaona haya.

Ubongo wake: kungumanga.
Uzito ule ule, makunyanzi yale yale machache.
Ulikaa siku mbili dawani, tatu kwenye maji ya sukari,
ukazama, ndipo nikajua uko tayari.
Nikaugandisha, nikaukata
vipande vyembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu.

Hapakuonekana mpaka.
Kijivu juu ya kijivu. Kwenye darubini
ni shamba la eka tatu baada ya mwenyewe kufa:
kila jirani ana lake la kusema
na hati imeliwa na mchwa.

Basi hatuyaulizi macho yetu, twaiuliza protini.
Kila mtaa wa ubongo una ulimbiko wake:
hapa seli zimejaa paravalbumini, ile ifumbatayo kalisi,
pale ni haba, pale hamna kitu.
Twatuma kingamwili, mjumbe anayejua jina moja tu,
apite uchochoro kwa uchochoro akibisha hodi,
na anapoitikiwa, hapo hapo akae.

Ni kama hina.
Unapaka jioni, unafunga, unalala na wasiwasi,
mkono wenyewe hauna habari.
Mpaka uoshe ndipo ujue palipokubali.

(Saa saba usiku umeme ulikatika tena.
Nikaliegemea friji kwa mgongo
kama mtu azuiaye mlango.)

Asubuhi, utepe.
Kahawia nzito, kisogoni kabisa,
safu ya nne, unakwenda, unakwenda,
halafu hapo! umekoma, kama uliopigwa panga.
Hapo ndipo shamba la kwanza la kuona linapoishia.
Nikaita, "Shaame, njoo uone kuona."
Akachungulia kwa jicho moja, la pili amelifumba.
"Mbona kuko nyuma?" akasema.
"Macho yako mbele. Nuru yaendaje mbali hivyo kulala?"
Sikuwa na jibu. Nina ramani tu.

Ninalolijua ni hili:
mwaka jana mama yangu, Bi Chumu, aliamka na nusu ya dunia.
Daktari alimmulika akacheka kwa furaha:
macho mazima, bibi, macho ya msichana.
Macho mazima! Na bega la kushoto linagonga kila mwimo,
na wali anaula nusu, ile ya kulia,
ukingo umenyooka kama uliopimwa kwa kamba,
kisha anauliza nani aliyempunja.

Mshipa mmoja, mwembamba kuliko uzi wa ushanga,
uliziba nyuma ya kichwa.

Watu husema kumpa mtu kisogo ni kumdharau.
Tangu popo yule, mie sina hakika.
Huenda anayenipa kisogo
ananionesha aliponiweka:
chini ya nywele, chini ya mfupa,
ndani ya utepe ambao haujapakwa rangi.

Nimechora mipaka mitatu. Wa nne una shaka,
nimeuweka kwa nukta nukta.
Shaame amekizika kilichobaki nyuma ya tangi la maji,
na mambo ya kanga mkewe bado hajaambiwa.

Usiku nilikwenda kwa mama. Wali, mchuzi wa pweza.
Alikula hadi mpakani, akanawa.
Nikasimama nyuma yake kitambo,
nikikitazama kisogo, mvi zake, upindo wa ushungi,
mahali ambapo kisu changu hakitafika.
Kisha nikaigeuza sahani.

"Kumbe ulikuwepo," akasema.
Sijui kama aliuambia wali
au mimi.