Mchanga Mwepesi

Huku kwetu, kando ya Daugava, maziko hayaishi
mpaka kila mtu atupe mchanga, gao tatu,
na kumwambia aliyelala: uwe mwepesi kwako.

Zamu yangu ilipofika, Visvaldis,
mkono ulikataa kufunguka.
Wewe ndiwe uliyenifundisha
kuwa mchanga mkavu ni tani moja na nusu
kwa kila mita ya ujazo,
na ukilowa, ongeza;
na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Nikapiga hesabu. Nisamehe.
Urefu, upana, kina.
Tani tano kasoro kidogo
juu ya mtu aliyepanda ngazi akipumzika kila daraja
akisingizia kukagua kutu.
Nikarudia, kama ulivyotuzoeza.
Jibu halikupungua.

Ofisini hukushika kalamu nyekundu hata siku moja.
Kosa la mtu ulilizungushia penseli,
polepole, kama atoaye kibanzi kidoleni,
na pembeni ukaandika: Hapa sijaelewa.
Ulikuwa umeelewa.
Hata mfagiaji alijua kuwa umeelewa.

Mwaka wangu wa tatu nilikosea nukta.
Nukta tu! Ikahama nafasi moja,
na kiwandani chuma kilikuwa kimeshakatwa.
Wakaja wakubwa kutoka Riga, makoti marefu,
wakauliza ni nani.
Ulimi wangu ulikuwa bado unatafuta mlango
ulipovua kofia ukasema,
"Sahihi iliyo chini ya mchoro ni yangu."
Ni kweli ilikuwa yako.
Uliitia Ijumaa jioni bila kukagua
kwa sababu mwanangu alikuwa na homa
nami nimekwisha kuvaa koti.

Hukunitajia tena, si siku ile, si miaka kumi na tisa baadaye.
Ulikata mkate wako mweusi katikati,
ukaniwekea nusu juu ya rula.
"Kula, Dzintra. Chuma hukatwa tena."

Na Machi ile barafu ilipovunjika usiku,
mapande kama paa za nyumba yakigonga nguzo,
polisi wamefunga barabara, sisi tumekodoa macho kwenye vipimo,
ulivua glavu ukaweka kiganja kwenye chuma cha ukingo.
Ukakaa hivyo. Sijui dakika ngapi.
Kisha: "Linaogopa, lakini linasimama."
Ngozi ya kiganja ilibaki pale kidogo, kwa baridi.
Ulicheka. Ukaomba leso.

Austra, mkeo, ametuambia jana, chai ikipoa,
kwamba bawaba ya mlango wenu wa jikoni
imelia miaka ishirini na hukuitia mafuta.
Tulicheka mpaka tukaona haya.
Aliyeuza mkate chini ya daraja alikuja.
Mkandarasi mliyegombana naye alikuja,
amebeba maua manane, kwa jozi, kama ada ya msiba,
akayahesabu mara mbili kabla ya kuyalaza.
Ungependa hilo.

Mkono wangu ulifunguka mwishowe.
Si kwamba uzito ulipungua;
nilikumbuka tu kuwa mzigo, ulisema,
hauulizwi una tani ngapi,
huulizwa unaegemea wapi.
Tulikuwa wengi pale ukingoni.

Leo Jumatatu nimefungua saraka yako.
Penseli tatu, kibuyu cha chai, tone moja bado ndani.
Na mchoro wangu wa daraja jipya,
karatasi ya saba,
una duara lako kwenye kiungo cha kushoto:
Hapa sijaelewa.

Nimepiga hesabu mara nne.
Nimempa kijana Raitis, naye amepiga.
Hatuoni kosa.
Labda hapakuwa na kosa.
Labda kwa mara ya kwanza
ulikuwa kweli hujaelewa,
ukangoja nije nikueleze.

Nimepiga simu kiwandani.
Nimewaambia wasikate.
Wangoje kwanza.