Seva Isiyo na Pacha

Inari, Januari. Jua halijachomoza tangu mwanzoni mwa Desemba
na mimi silingoji.
Kazi hii hufanywa usiku, na huku usiku hauishi.

Seva ya ushirika wa wafugaji ni moja tu, chini ya meza,
kando ya viatu vyangu vinavyodondosha theluji.
Haina pacha wa kuishikia zamu.
Ikilala, alama zote zimelala:
alama elfu nne mia mbili na tisa,
kila moja ni mikato ya kisu
kwenye masikio ya kulungu wa theluji
na jina la mtu anayesema, huyu wangu.

Injini ya zamani huandika kwa mkono mkubwa.
Kila baada ya jina huacha nafasi,
kama mama anayeshona sare ya shule kumzidi mtoto: atakua.
Injini mpya hukunja, hubana, haitupi kitambaa.
Hazisomani.
Ukiiwasha mpya juu ya faili za zamani
itagoma hata kusimama.
Basi huhamishi nyumba na kuta zake.
Unatoa vyombo nje kimoja kimoja,
unavihesabu kwenye baridi,
unafungua folda tupu,
unaanza kurudisha.

Nimetoa. Nimehesabu. Nimeizima.
Feni iliponyamaza nikasikia friji ya ofisi;
miaka tisa, sikujua ina sauti.

Asilimia thelathini na nane, simu ikalia.
Saammal, barabara ya Kaamanen.
Lori la samaki kutoka Norwe limemgonga jike mzee.
"Nimeshika sikio. Niambie la nani."
Kushoto: ncha imekatwa, pengo la mraba nyuma.
Kulia: mikato miwili mbele, kama meno ya sungura.
"Subiri," nikasema. "Nahamisha."
"Unahama? Saa hizi?"
"Si mimi."

Akasubiri.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
gari lake linanguruma kwenye simu
maana akilizima haliwaki tena.

Sabini. Tisini na moja.
Faharasa zikajijenga upya, moja ikasita,
nikasita nayo.
Kisha hesabu: elfu nne mia mbili na tisa.
Zilizotoka ndizo zilizoingia.
Gigabaiti tisa zimekuwa mbili na nusu.

Nikaandika mikato ya Saammal.
Hakuna.
Nikaandika tena, polepole, nikianza na kulia.
Hakuna.

Haikupotea njiani.
Niliijua tangu alipotamka meno ya sungura.
Nilikuwa nimeihifadhi, ila si kwenye diski,
na nilitaka mashine iseme kwanza.

Ni alama ya baba.
Niliifuta mimi, Machi, miaka sita iliyopita,
kwa sababu mrithi wake nilikuwa mimi
na mimi nilichagua kompyuta.
Kwenye faili za zamani palibaki shimo la ukubwa wake.
Sasa hata shimo halipo:
kinachotolewa nje ni kilicho hai tu.
Lakini yule jike hakuna aliyemwambia.
Misimu sita amepita na jina lililofutwa,
akila kuvu chini ya theluji.

"Upo?"
"Nipo. Ni wa Hánnus."
"Hánnus yupi?"
"Wangu."

Gari likanguruma. Saammal akakohoa.
"Basi nikuletee nyama?"
"Niletee sikio."

Mwongozo unasema: ukiridhika, futa folda ya zamani.
Nimeridhika. Seva inajibu upesi kuliko jana.
Diski ya zamani nimeichomoa, nikaifunga kwenye soksi,
nikaitia katika droo ya chini
pamoja na kisu ambacho
sijakinoa.