Saa Utakayo

Usiniulize kwanza habari za Kanada, Thurayya.
Kanada ni baridi, na mjukuu ni mzima, alhamdulillahi.
Niulize kiti.

Maana kiti cha kukunjua nilichokijua mimi
ni mbuzi ya nazi, ulimi wa chuma mbele,
na kinachokunjwa ni mgongo wako.
Hiki nilibonyeza kidude, kikajinyosha taratibu
kama paka aliyeshiba,
kikawa kitanda,
na kitandani shuka, na juu ya shuka mto,
si wa sufi, si wa sponji, sijui ulikuwa wa nini,
kichwa kilizama, mawazo yakabaki nje.

Saumu ndiye aliyekata tikiti. Si kwa pesa, asema, kwa pointi:
miaka sita ananunua nepi na petroli kwa kadi ileile moja
mpaka zikatosha kuinyosha miguu ya mamake.
Miguu hii. Waijua inavyovimba
kwa kusimama Majengo, Kuze, Bondeni,
mbele ya mafiga na masufuria ya watu.

Kutoka hapa Mombasa ilikuwa ndege ndogo, sote goti kwa goti.
Nilichungulia: matangi ya Shimanzi,
makontena ya Kilindini yamepangwa kama miche ya sabuni dukani.
Nikatafuta bati letu lenye kutu, nisilione.
Ile kubwa tuliipanda usiku, kule tulikobadilisha.

Akaja msichana, akapiga goti kando yangu.
Kizungu changu ni cha Marikiti, bei na kilo,
lakini hili nilielewa:
Mama, utapenda kula saa ngapi?

Thurayya, nilimfanya arudie.

Miaka thelathini na minane napika harusi.
Mpishi hula wa mwisho. Hula ukoko
ameukwangua kwa mwiko, yuko wima,
na moshi ndio kitoweo.
Saa? Nani aliwahi kunipa saa?

Nikamwambia: saa tisa.
Nilitaka kuona kama wasema kweli.

Na saa tisa ya usiku,
chini kiza cha nchi nisiyoijua jina,
ikawaka taa ndogo, yangu peke yangu.
Kikatandikwa kitambaa kilichopigwa pasi,
kikaja kijichupa cha chumvi, urefu wa kidole cha mtoto,
na mkate wafuka mvuke.
Samaki alikauka, sitamtetea.
Wali ulipikwa na mtu asiyeupenda.
Lakini uliletwa.
Nami nimekaa, nusu nimelala, nimefunikwa hadi kiunoni,
nimevaa nguo zao za kulalia juu ya dera langu.

Chai ndiyo iliyonishinda: maji ya moto yenye rangi.
Nikafungua fundo la leso, nikatoa iliki tatu,
mbili nikaziponda kwa kitako cha kile kijichupa,
ya tatu nikamtia yule msichana kiganjani.
Akanusa. Akafumba macho kidogo, vilevile kasimama,
nikajua: huyu naye hajala.
Wewe utakula saa ngapi? nikamuuliza.
Akacheka, akatazama nyuma ya pazia.

Baadaye nililala, usingizi wa mtu asiyedaiwa maji wala kuni.

Haya, soksi zako hizi, za kijivu.
Zangu nimezivaa, usizitazame.
Na Jumamosi tuna harusi Kibokoni, mchele kilo sitini.
Mwambie mamake bi harusi wapishi watakula saa sita,
saa sita kamili, kabla ya wanaume.
Akiuliza kulikoni,
mwambie Mwanatumu amerudi na maradhi ya huko.

Sasa sogea. Nyosha miguu hapo mkekani,
egemea mto, hivyo,
nikuonyeshe kilivyokuwa.