Herufi Kubwa, Rafiki

Ilianzia ofisi ya walimu, Kisauni, siku chaki ilipoisha,
na mwalimu wa sayansi akasema kwa kukereka:
"Mbeyu, si uwe rais wewe, tupate chaki."

Mwalimu Mbeyu Chivatsi akamaliza hamri lake, akapangusa vidole.
"Sawa. Lakini mamilioni ya kujisajili sina.
Wanaonitaka wataniandika wenyewe, kwa mkono,
pale chini kabisa ya karatasi, chini ya wakubwa wote."

Tulidhani ni mzaha. Na ulikuwa mzaha,
ila Mwalimu Mbeyu hata mzaha huuandalia somo.
Jumamosi akapanda tuktuk ya Nyale
na kipaza sauti cha kuazima kwa muuza dawa ya wadudu,
kwa hiyo kila akimaliza kutaja sera moja
kanda ya mwenye mali ilidakia:
mende, panya, kunguni, wote chali!

Mabango yake yalikuwa karatasi za miraba, za daftari la hisabati,
yakabandikwa kando ya nyuso zilizong'arishwa.
Akikuta bango la mpinzani lina kosa
halichani. Huchomoa kalamu nyekundu,
akasahihisha, akatia alama:
4/10. Rudia.

Mlaleo, foleni ya maji, mkokoteni umechelewa,
akasimama juu ya mtungi uliopinduliwa
akasoma ilani yake yote, ubeti mmoja:

    Penseli kwa kila mwana, ichongwe hadi kisiki,
    bungeni wakitukana, "samahani" mara laki,
    maji yatoke mchana, ya mitungi hatutaki,
    ukiniandika jina: herufi kubwa, rafiki!

Wakapiga mitungi kama ngoma.
Mama mmoja akauliza, "Na leo watupa nini?"
maana waliotangulia waligawa leso na mia mbilimbili.
Akapekua mkoba, akampa kipande cha chaki.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, dawati la nyuma, dirishani.
Agosti ile nikapata kibarua cha karani wa kura
na kituo kikaangukia darasa lilelile, la Sita B.
Tulihesabu usiku kucha chini ya jedwali la kuzidisha,
watu wazima, magoti yakigonga madawati ya watoto.

Saa tisa usiku tukafika kwenye rundo la pembeni.
CHIVATSI.
chivasti.
Mwalim Mbeyu.
Mbeyu wa Hesabu.
Mmoja aliandika Ticha tu, akachora ua.
Mwingine jina kamili, mwandiko wa kuunganisha,
na nukta mwishoni.

Mawakala walicheka mpaka chupa ya chai ikapinduka,
vyama vyote, mara ya kwanza usiku ule kukubaliana jambo.
Msimamizi akapiga muhuri, akatamka kama sheria inavyotaka:
"Zimeharibika. Thelathini na nane."

Neno hilo lilikuwa marufuku katika chumba hicho.
Mzazi akija kusema, mwanangu huyu ameharibika,
Mwalimu Mbeyu alimkata kauli:
"Maziwa ndiyo huharibika, mama.
Huyu hajamaliza kuandika."

Kulipopambazuka nilimkuta langoni, ufagio mkononi,
amekuja kudai darasa lake.
"Nimepata ngapi?"
"Siruhusiwi kusema, Mwalimu."
"Herufi kubwa waliweka?"
"Wengine."
Akaguna. "Basi Jumatatu tunaanza na majina."
Akanipita, akaanza kufagia vipande vya lakiri.

Katika zile thelathini na nane ipo moja
ambayo mkia wa y umepinda upande usio wake,
kosa alilolizungushia wekundu miaka mitatu mfululizo.
Zaidi ya hapo sisemi.
Nimekula kiapo.