Kwa Jirani wa Chumba cha Tatu

Nyamizi, tumenuniana tangu kiangazi cha mwaka jana
kwa ajili ya ndoo, na ndoo yenyewe imeshapasuka.
Mende hawana habari.
Wanatoka kwako saa tano usiku, taa zikizimwa,
wanapita pale mafundi walipotoboa ukuta kupitisha waya,
wanakuja kwangu kula gundi ya daftari la Mihambo,
alfajiri wanarudi kwako kulala nyuma ya friji.
Kama ni ujirani, wao wanao.

Nimewachunguza. Usingizi ukikukimbia hapa Ng'ambo
huna pa kwenda: treni ya Kigoma ishapita,
mbwa wa Isevya wanajibizana na wa Cheyo.
Basi niliwasha tochi ya simu, nikachuchumaa kando ya jiko.
Ni yule mdogo, rangi ya chai ya maziwa,
mistari miwili myeusi begani kama aliyebebeshwa reli.
Jike amening'iniza kifuko nyuma,
mayai thelathini na kitu yamekaa safu mbili
kama abiria wa daraja la tatu,
na hakitui mpaka siku ya kuangua ikaribie.
Mimi nilizaa mmoja tu, kwa kisu, pale Kitete.
Nikamwonea haya kumpiga ndala.
Kisha nikampiga.

Hana mapafu; anapumulia vitundu vya ubavuni.
Mkiani ana vijipembe viwili vyenye vinywele,
upepo wa ndala unamfikia kabla ya ndala.
Mkate kichwa, ataishi siku kadhaa,
na kitakachomuua ni kiu, si ukosefu wa akili.
(Wapo watu wa hivyo. Simtaji mtu.)

Nilianza vita peke yangu.
Nilinunua kopo la kupuliza, nikafunga mlango.
Mihambo alikohoa siku mbili,
kifua kikipiga filimbi kama kichwa cha treni kikiingia stesheni,
na mende wakahamia kwako.
Nilikusikia ukutani: "Huyu ananitumia wadudu."
Wiki iliyofuata ukapuliza wewe.
Wakarudi kwangu, na watoto.

Luhende, yule wa afya wa kata, alikuja kukagua choo.
Alifungua kabati langu, akanusa.
"Harufu hii ya mafuta yaliyochacha ni wao.
Hata kinyesi chao ni mwaliko: njooni, hapa panalika.
Ukipuliza, unawafukuza walio mbele,
walio ndani ya ukuta wanakucheka,
na mayai kwenye kifuko wala hayasikii.
Acheni kuwafukuza. Wakaribisheni."

Kwa hiyo nimewapikia.
Poda nyeupe ya boriki, kijiko cha unga,
na asali ya miombo, ile ya kaka yangu wa Sikonge.
Inaniuma kuwapa asali ile, lakini basi.
Vitone vidogo kama punje za mtama
nyuma ya friji, chini ya karo, kwenye bawaba za kabati,
mbali na mikono ya watoto na mbali na kuku wako.
Haiui papo hapo. Atakula, atarudi, atafia kwao;
wenzake watamla yeye na alichonya,
na sumu itatembea mlango kwa mlango
kama yale maneno uliyompa mama Zuhura kunihusu.

Ila upande mmoja hautoshi.
Jumamosi, tafadhali, usilaze sufuria na maji.
Njaa wanaivumilia, kiu hawaiwezi.
Funika takataka. Yale maboksi ya chini ya kitanda yachome.
Na usipulize kopo, utaharibu karamu.

Nimeomba sementi kwa fundi, kisahani kimoja.
Mimi nitaziba tundu upande wangu,
wewe ziba wako.
Karatasi hii naipitisha humo humo, kabla.
Ukiikuta imetafunwa pembeni,
ujue wao wameisoma kwanza.