Fedha na Risasi

Jiwe hili nililikuta chumbani kwa nyanya Rispa,
likizuia mlango usijifunge.
Dogo, kama kipande cha sabuni ya kufulia,
lakini ukiliinua mkono unashtuka.
Lina mng'ao wa kijivu. Ukiligonga
halivunjiki ovyo: linagawanyika visanduku,
pembe nne, pembe nne, hadi vumbi lake
likiwa bado na pembe.

Mwalimu Nyangweso alitufundisha:
kabla ya ziwa, kabla Bonde la Ufa halijapasuka
(na hilo ni la juzi), Migori hii ilikuwa bahari
isiyo na samaki wala jina, na chini yake moto.
Lava ilitoka, ikaguswa na maji, ikaganda
mafundo mafundo kama mito,
ya kulalia, si ya maji.
Chemchemi za moto zikatema moshi mweusi humo baharini:
shaba, zinki, salfa, risasi,
na ndani ya risasi, kama siri ndani ya mtu mzito,
fedha.

Kisha miaka bilioni mbili na ushei ya kukandamizwa.
Mwamba ukawa kijani. Nyufa zikajaa jiwe jeupe.
Mvua ikaula mlima, haikuwa na haraka,
hadi mshipa ukachungulia
katikati ya mtama wa babu Ogweno.

Walikuja mwaka wa nzige. Nyanya hakuhesabu kwa namba.
Wakauliza kilima kinaitwaje.
Mkalimani akalirudisha jibu la babu hivi:
"Hakina jina. Tunakilima tu."
Basi wakakipa jina la mke wa mtu.

Wakashuka futi mia mbili na arobaini.
Babu akasukuma kigari kwa shilingi kumi na mbili,
moja ikikatwa ya unga.
Karani wa mizani, Mwinyihaji, mtu wa Vanga,
alipoliona jiwe alicheka:
"Hili kwetu wanawake hupaka machoni!"
Akamtwangia nyanya kijiko kimoja cha wanja.
Akaupaka Sabato moja tu,
mzee wa kanisa akamwonyesha mlango.
Kisa hicho alikisimulia mara nyingi
kuliko cha watu watatu waliofunikwa.
Cha watatu alikisimulia mara moja,
akichambua mboga, bila majina.

Kiswahili kina neno moja la madini na la mshahara.
Kina neno moja la madini na la kitokacho kwenye bunduki.
Utotoni nilidhani lugha imeishiwa.
Siku hizi nadhani ilikuwa inabana matumizi.

Maana waligoma, wakidai fedha,
akaletwa askari akasimama mlangoni pa shimo
tangu alfajiri hadi jua la utosi.
Alikuwa mtoto wa shangazi yake babu.
Usiku, juu ya uji, alikiri: bunduki ilikuwa tupu.
Risasi yote ilikuwa chini kule,
na waliokuwa wakiitoa ni wao.

Bei ikaanguka huko bei zinakoangukia.
Pampu zikazimwa, maji yakapanda ngazi moja moja.
Lori la mwisho lilibeba hata vioo vya ofisi.
Kipande cha reli kikabaki; shuleni hugongwa
saa mbili kasoro, na watoto hukimbia.

Mwaka jana watu wa afya walitoa damu
kwa darasa la tatu zima.
Karatasi zikarudi na namba, zote upande wa juu.
Mwana wa dada yangu, Omuga, anasahau alfabeti
aliyoijua mwezi wa tatu.
Mshipa ule haukuishia mgodini.
Ng'ombe walijua: dimbwi lile la kijani
hawajawahi kulinywa.

Nimelifunga jiwe katika soksi ya babu,
nikalizika nje ya ua, mbali na kisima,
nikanawa mikono mara mbili, kisha ya tatu.

Sasa mlango wa nyanya unajifunga wenyewe usiku.
Kila mara naamka kuutazama.